Mashine Haikojoi: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Hitilafu ya Kupoza Injini za Boti

"Fundi, mashine haikojoi."

Sentensi hiyo, yaani maji ya kupoza injini hayatoki kwenye tundu lake la pembeni, naisikia karibu kila wiki hapa Mtwara, na mara nyingi anayeisema ameshaanza kufungua bolti za silinda hedi. Nimeandika mwongozo huu nimzuie kabla hajafika huko. Injini ya boti ikipata moto, kinachohitaji kubadilishwa huwa ni kitu cha chini, cha mpira, chenye bei ndogo. Hasara kubwa huja pale mtu anapoanzia juu kwenye vyuma, au anapoendelea kuendesha akisema "nitafika tu".

Nitazungumzia zaidi mashine ambazo wengi wetu tunazo kuanzia Msimbati hadi Kilwa Kivinje, zile za tu-stroki (zinazounguza oili pamoja na petroli) za nguvu za farasi 15 hadi 40. Za foo-stroki zinapozwa kwa njia ileile ila zina mambo yake kwenye oili.

Kwanza ujue maji yanapita wapi

Mashine ya boti haina rejeta. Bahari ndiyo rejeta yake. Kwenye mguu, juu kidogo ya propela, kuna vitundu au wavu mdogo pande mbili. Hapo ndipo maji yanapoingia. Juu yake, ndani ya mguu, kuna pampu: kikombe chenye impela, kigurudumu cha mpira chenye mbawa, iliyovaa shafti ndefu inayotoka kwenye injini kwenda kwenye gia. Injini ikizunguka, shafti inazunguka, na impela inayasukuma maji kupanda kwenye bomba jembamba hadi kichwani. Maji yanazunguka silinda, yanakutana na themostati (mlango mdogo unaofunguka maji yakipata joto), kisha yanashuka na moshi na kutoka chini. Sehemu ndogo tu ndiyo inayotoka kwenye tundu la pembeni, ule mkojo tunaouangalia.

Shika hilo la "sehemu ndogo tu". Katika mashine nyingi maji ya mkojo yanachepuka kabla ya kumaliza mzunguko wote. Kwa hiyo mkojo mzuri unakuambia pampu inafanya kazi, lakini haukuambii kwamba silinda zote zimepoa. Na mkojo uliokatika haumaanishi kila mara kwamba injini inaungua.

Ukiwa baharini

Ukiona mkojo umekatika, au mashine imelegea nguvu ghafla, au umesikia harufu ya rangi inayoungua, punguza mafuta hadi mwisho na utazame nyuma kwa sekunde chache. Maji yakirudi, huenda ulikuwa unavuta hewa, nitaeleza mbele. Yasiporudi, zima. Usisubiri kuvuka mkondo, usisubiri kufika kwenye kina kifupi. Kama mna tanga, pandisheni. Kama hamna, tupeni nanga, na kila mtu avae jaketi lake la kuokolea.

Inua mguu wa mashine juu ya maji uangalie vitundu vya kuingizia. Mfuko wa plastiki ndio adui namba moja, kisha mwani, kisha vipande vya nyavu. Toa. Chukua kipande cha mshipi mnene wa nailoni, ukichomeke kwenye tundu la mkojo na kukizungusha. Mshipi ni bora kuliko waya kwa sababu hautoboi mpira wa ndani. Mashine iliyokaa muda mrefu bila kazi mara nyingi utakuta nyigu wamejenga kwa tope ndani ya tundu hilo.

Usimwagie maji ya baharini kichwa cha injini kilichopata moto. Najua mkono unawasha, najua unataka kuondoka hapo. Lakini aluminiamu yenye moto mkali ikipigwa na maji baridi inajipinda au kupasuka, na hapo gasketi ya elfu kadhaa inageuka kuwa injini nzima. Fungua kofia upepo uingie, subiri nusu saa. Kisha washa mashine ikiwa nyutro. Maji yakitoka, rudi nyumbani taratibu huku mtu mmoja kazi yake ni kuangalia mkojo tu huko tezini, nyuma ya boti. Yasipotoka, zima na uombe kuvutwa.

Umefika pwani: anza kwa kusikiliza hadithi

Kabla ya spana, muulize nahodha maswali, na kama nahodha ni wewe, jijibu bila kujificha. Maji yalikatika ghafla au yalikuwa yanapungua siku hadi siku? Yalikatika boti ikikimbia au ikienda polepole? Mlipita wapi? Majibu haya yananisaidia kuliko kifaa chochote nilicho nacho.

Maji kupungua pole pole kwa wiki kadhaa ni impela iliyochoka. Kukatika ghafla ni takataka, au impela iliyokatika, au kibuyu chake cha katikati kilichoachia mpira. Maji yakiwa mazuri polepole na kukatika ukikaza mafuta, shuku hewa. Maji yakiwa na nguvu siku zote lakini injini inaungua, shida ipo juu: themostati, chumvi, gasketi, au mafuta.

Swali la mlipita wapi lina uzito huku kwetu. Mto Lukuledi unapomwaga maji kwenye ghuba ya Lindi wakati wa mvua, maji yanakuwa ya tope, na mlango wa Ruvuma ni hivyohivyo. Ukiwasha mashine kwenye maji ya magotini wakati wa kupwa, hasa siku za bamvua, propela inachimba na pampu inakunywa mchanga. Mchanga unafanya kazi ya msasa ndani ya kikombe. Ndiyo maana mashine za vijana wanaovusha watu na kusukuma boti kwenye maji mafupi kutwa nzima hula impela kuliko za wavuvi wa kina kirefu.

Kimo cha mashine

Hili linachukua dakika moja na watu wanaliruka. Boti ikiwa nchi kavu, chuchumaa nyuma yake uangalie bamba pana lililo juu ya propela. Linatakiwa liwe usawa wa chini ya boti au chini kidogo ya hapo. Likiwa juu sana, mkikimbia kwenye mawimbi ya kusi tezi inaponyanyuka propela inavuta hewa, na vitundu vya maji navyo vinavuta hewa pamoja nayo. Utasikia injini inapiga kelele kama imeachiwa, kisha mkojo unakatika. Madau na mashua zilizofungwa ubao wa mashine baada ya kuundwa ndizo zenye tatizo hili zaidi, kwa sababu kimo kilikadiriwa kwa macho. Hamisha ubao chini. Pia angalia mzigo: samaki na barafu vikijazwa omo (mbele) vyote, tezi inapanda.

Pampu ya maji: hapa ndipo kazi ilipo

Kama vitundu ni safi, tundu la mkojo ni safi, kimo ni sawa, na maji bado ni hafifu, shusha mguu.

Anza kwa kuchomoa nyaya za plagi. Utakuwa unazungusha propela kwa mkono, na injini inaweza kuwaka ukiwa umeishika. Vidole havioti tena.

Tafuta fimbo ya gia inayoshuka kutoka kichwani na uiachanishe. Mahali ilipoungana panatofautiana kwa kila aina ya mashine, kwa hiyo piga picha kwa simu kabla ya kugusa. Fungua bolti za mguu. Mara nyingi kuna bolti moja imejificha nyuma ya kipande kidogo cha zinki kilicho juu ya propela. Weka alama ya zinki hiyo ilivyokaa kabla ya kuitoa, kwani ikirudi imepinda usukani utavuta upande. Mtu asiyeijua bolti hiyo huanza kugonga mguu kwa nyundo, na aluminiamu inapasuka.

Bolti zikigoma, usizilazimishe. Nyunyizia mafuta ya kulainisha kutu, acha usiku kucha, gonga kichwa cha bolti kwa nyundo ndogo, kisha jaribu kukaza kidogo kabla ya kulegeza. Bolti iliyokatika ndani ya mguu ni kazi ya siku nzima ya mtu wa mashine ya kutoboa.

Shusha mguu moja kwa moja bila kuupindisha. Shafti ndefu itatoka nao. Sasa unaona kikombe cha pampu kimekaa juu ya bamba la chuma, kimefungwa kwa bolti kama nne. Kifungue, ukivute juu pamoja na impela, na uangalie usipoteze ufunguo mdogo wa nusu mwezi unaoishikisha impela kwenye shafti. Huo ukianguka mchangani, kazi imesimama.

Angalia kwa utulivu:

Mbawa za impela. Zikiwa zimebaki zimekunjika upande mmoja hata baada ya kuitoa, zikiwa ngumu kama kwato, zimepasuka kwenye mizizi au ncha zimelika, itupe.

Kibuyu cha katikati. Hiki kinawadanganya wengi. Impela inaweza kuonekana nzima kabisa huku mpira umeachana na chuma cha katikati, kwa hiyo shafti inazunguka peke yake. Shika mbawa kwa mkono mmoja, chuma kwa koleo, ujaribu kuvizungusha tofauti. Vikicheza, umepata ugonjwa.

Kikombe na bamba la chini. Pitisha ukucha. Ukikwama kwenye mfereji, maji yanapita pembeni badala ya kupanda. Impela mpya ndani ya kikombe kilicholika ni fedha iliyotupwa, ndiyo sababu nashauri kununua seti nzima: impela, kikombe, bamba, gasketi na ufunguo.

Vipande vilivyopotea. Kama ubawa umekatika, hesabu vipande vyake. Kisichoonekana kipo juu, kwenye bomba au kwenye njia za silinda.

Kuna boti ya kutoka upande wa Msangamkuu iliyoletwa kwangu baada ya kufunguliwa silinda hedi mara tatu. Gasketi tatu mpya, impela mpya mara mbili, na bado inaungua. Niliposhusha mguu nikamwaga maji kwenye bomba kwa chupa, yalishuka kwa matone. Ndani kulikuwa na ubawa mmoja wa impela ya zamani, umekaa kwenye kona ya bomba. Nilimwonyesha mwenye boti kile kipande kwenye kiganja. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Miezi minne, fundi. Miezi minne watoto wangu wamekula kwa kukopa." Tangu hapo sifungi pampu yoyote bila kupuliza bomba kwa mdomo na kulimwagia maji kutoka juu.

Kurudisha pampu

Paka impela mpya maji ya sabuni. Usiivalishe kavu. Weka ufunguo wa nusu mwezi kwa tone la grisi usidondoke, shusha impela, kisha sukuma kikombe chini huku ukizungusha shafti kufuata mwendo wa saa ukiiangalia kutoka juu. Hivyo mbawa zinalala upande zitakaokuwa zinalala kazini. Ukizungusha kinyume zinalala vibaya na kukunjika upya mashine ikiwaka, na mpira hauchukui muda kukatika.

Paka grisi meno ya shafti, lakini si ncha ya juu kabisa, kwa sababu grisi iliyobanwa hapo huuzuia mguu kukaa sawa. Bolti zote zipake grisi ya baharini ili safari ijayo zifunguke.

Unapopandisha mguu, vitu vitatu vinatakiwa viingie kwa pamoja: shafti, fimbo ya gia, na bomba la maji kwenye mpira wake. Hapa ndipo kazi nzuri inapoharibikia. Bomba likikosa mpira wake kwa upana wa kidole, pampu mpya itasukuma maji vizuri sana ndani ya mguu mtupu na hakuna tone litakalopanda. Muombe mtu ashike tochi. Shafti ikigoma kuingia, weka gia na uizungushe propela taratibu hadi meno yapate nafasi. Usivute mguu kwa bolti.

Kuijaribu bila kwenda baharini

Tafuta pipa la lita 200 lililokatwa juu, ulijaze maji, ufunge mashine kwenye ubao imara. Toa propela. Maji yafunike lile bamba pana. Fanya kazi hiyo nje, kwa sababu moshi wa petroli ndani ya banda unaua. Washa ikiwa nyutro, usikaze mafuta. Mkojo unatakiwa utoke ndani ya nusu dakika. Kama unatoka mwembamba lakini unaongezeka ukikaza kidogo, ni kawaida kwa mashine nyingi.

Kamwe usiwashe mashine ikiwa kavu "kusikiliza tu". Impela inapozwa na kulainishwa na maji yaleyale inayoyasukuma, na sekunde chache tu za kusugua kikombe kikavu zinatosha kuiunguza.

Maji yapo lakini injini bado inaungua

Sasa ndiyo tunapanda juu, na tunaanzia kwenye themostati. Iko chini ya kifuniko kidogo kwenye silinda hedi, bolti mbili au tatu. Mara nyingi utaikuta imezungukwa na chumvi nyeupe iliyoganda kama mawe. Ioshe, kisha ijaribu: bana uzi kwenye mlango wake, uining'inize kwa uzi huo kwenye sufuria ya maji isiguse chini, na uweke motoni. Themostati nzima itafunguka na kuanguka kutoka kwenye uzi mapema, maji yakiwa ya kuunguza mkono lakini bado hayajachemka. Nyingi za mashine za Yamaha huanza kufunguka karibu nyuzi 50 na kuwa wazi kabisa nyuzi 60. Ikiwa maji yanachemka na yenyewe imeng'ang'ania, nunua nyingine.

Wapo wanaoitoa na kufunga bila themostati, kwa hoja kwamba bahari yetu ni ya joto na haihitaji. Sikubaliani nao. Bila themostati injini inafanya kazi ikiwa baridi mno ukienda polepole, na huo ndio mwendo wa kutega na kuvuta nyavu. Mafuta hayaungui vizuri, plagi zinalowa, masizi yanajaa kwenye ringi na njia za moshi. Kutoa themostati kurudi nyumbani siku hiyo, sawa. Kuiacha hivyo msimu mzima wa kaskazi ni kuhamisha ugonjwa tu.

Chumvi ndani ya silinda. Ukitoa themostati ukaona njia za maji zimezibwa nyeupe, suuza kwanza kwa maji matamu ya vuguvugu mara nyingi. Kinachobaki ni chokaa ngumu, na siki ya kawaida iliyoachwa humo kwa saa kadhaa huilainisha, kisha suuza tena. Asidi ya betri isikaribie kabisa. Inakula aluminiamu yenyewe, na nimeona silinda hedi iliyotobolewa kwa "usafi" huo.

Gasketi ya silinda hedi. Dalili zake ni mkojo unaotoka na mapovu au mvuke, plagi moja iliyooshwa ikawa safi kuliko wenzake, na presha ya silinda moja kuwa chini. Hapo sasa fungua. Uso wa hedi uupime kwa rula ya chuma, na ukifunga kaza bolti kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu mbili au zaidi, kwa spana ya kipimo.

Mafuta. Joto jingine halina uhusiano na maji. Mashine ya tu-stroki isiyo na tangi lake la oili kwa kawaida inataka mchanganyiko wa 50 kwa 1, yaani nusu lita ya oili kwenye dumu la lita 25. Tumia oili iliyoandikwa TC-W3, alama ya oili ya tu-stroki za boti. Oili ya bodaboda ya foo-stroki haikutengenezwa iungue na petroli. Jeti ya kabureta iliyoziba nusu nayo inaipa injini hewa nyingi na mafuta machache. Plagi inageuka nyeupe, pistoni inapata moto, huku mkojo unatiririka kama kawaida.

Kuosha kila urudipo

Dakika 5 hadi 10 za maji matamu kwenye lile pipa, mashine ikiwa nyutro. Najua maji ya kisima yanabebwa kwa ndoo katika vijiji vingi vya pwani, na sitamwambia mtu amwage lita 200 kila jioni. Maji yaleyale ya pipa yanatumika siku kadhaa. Yaonje, yakishakuwa ya chumvi badilisha. Anayeshindwa kila siku, basi mara moja kwa wiki na kila mara kabla ya kuiacha mashine bila kazi. Impela ibadilishe kila mwaka hata kama bado inakojoa, na mapema zaidi kama unafanya kazi kwenye tope na mchanga.

Ukimaliza kuosha, zima, na usiiache mashine imeinuliwa. Ishushe isimame wima mpaka tone la mwisho litoke kwenye mguu, kisha ziba tundu la mkojo kwa kipande cha kitambaa, nyigu wasiingie.